Mita Mbili za Kitambaa Cheupe

Nilikwenda Goma kuzika mguu. Zaina, binti wa baba mdogo Ramazani, alituandikia kwamba kidonda cha baba yake kimekataa kupona na huenda mguu ukakatwa. Kwetu sisi Waislamu wa asili ya Maniema, kiungo kilichokatwa hakitupwi. Huvishwa kitambaa cheupe na kuzikwa. Zaina hana kaka, basi kazi ikaniangukia mimi. Nilinunua mita mbili sokoni Bukavu, nikaona nimejiandaa vyema.

Alfajiri nilipanda boti. Waasi ndio waliotawala kule nilikotoka na kule nilikokwenda, kwa hiyo abiria tulizungumzia samaki.

Alasiri tulifika. Mji niliokuwa nikiufahamu ulikuwa chini ya mawe meusi ya volkano, na watu walikuwa tayari wanajenga juu yake, nyundo zikilia kila upande. Niliwavulia kofia. Bandarini askari alifungua mfuko wangu.

"Kitambaa ya nini hii?"

"Ya kuzika."

"Nani amekufa?"

"Muguu ya baba mudogo."

Alinitazama, akafunga mfuko taratibu, akaniruhusu nipite bila kudai chochote.

Kesho yake asubuhi nilimkuta baba mdogo kitandani hospitalini. Ni dereva wa lori, amepita miaka sabini, mbishi kupindukia. Lava ilipopoa kwa juu alirudi nyumbani kwake kutafuta jeki, ingawa aliambiwa asubiri. Ganda likavunjika, mguu wa kulia ukazama hadi kifundoni. Jeki yenyewe haikuonekana. Sasa mfupa ulikuwa unachungulia kwenye kidonda.

"Bakinikata huu," aliniambia, "fren nitakanyaga na nini?"

Mguu wa kulia ndio wa breki. Daktari, mtu mwembamba wa maneno machache, ndiye aliyejibu. Alisema atachukua ngozi na nyama kutoka shavu la mguu, aiache imeshikana na mshipa wake wa damu, kisha aigeuze ifunike kifundo. Ikishika, mguu umepona. Ikifa, atakata.

"Kwa umri yake, damu itafika?" nikauliza.

"Kwa muzee inafika polepole. Lakini inafika."

Siku ya upasuaji jenereta lilizimika mara mbili. Zaina, aliyekuwa akichungulia mlangoni, alisema daktari hakuinua hata kichwa. Wauguzi walimmulikia kwa tochi akaendelea kushona. Nimewaona mafundi wengi maishani, lakini mikono kama ile sijaiona.

Baada ya upasuaji, muuguzi Mama Furaha alitaka kitu cha kuuning'iniza mguu, maana kisigino kikigusa kitanda ngozi mpya ingekosa damu. Mashuka yalikuwa yamekwisha. Macho yake yakaangukia mfuko wangu, ncha ya kitambaa ikionekana.

"Na hii?"

Niliona haya hadi masikio yakaniwaka. Baba mdogo alikitambua kitambaa mara moja.

"Kumbe ulikuya na sanda yangu!" Akacheka mpaka Mama Furaha akamkaripia asitikisike. Kitambaa kikafungwa kwenye vyuma vya kitanda, mguu ukalala ndani yake.

Siku ya tatu ngozi iligeuka zambarau na mimi nikaogopa sana. Daktari alifungua nyuzi mbili, damu nyeusi ikatoka, akabonyeza kwa kidole na kungoja. Pale alipobonyeza palipauka, kisha, polepole kama alivyosema, pakawa pekundu. Zaina alilia. Nami nililia, sifichi.

Nilikaa mwezi mzima. Siku ya kuondoka, baba mdogo alinisindikiza bandarini kwa teksi, magongo mikononi, kiatu kimoja mguuni na bandeji upande wa pili. Askari alikuwa yule yule.

"Mulizika?"

"Umuulize mwenyewe," nikasema.

Baba mdogo akateremka, akaukanyagisha mguu wa kulia chini kidogo tu, kama anayejaribu breki. Askari akapiga kofi moja la furaha, kisha akafungua mfuko wangu na kupekua.

"Kitambaa iko wapi?"

Nilimwambia nimekiacha wodini. Kimefuliwa, na asubuhi ile Mama Furaha alikuwa amening'iniza ndani yake mguu wa bibi mmoja wa kijiji cha Kibumba.

Nimerudi Bukavu na mfuko mwepesi. Siku hizi nikiambiwa mzee anaumwa, kwanza nauliza anahitaji nini.