Mkono Mmoja Mfukoni

Hata akinywa chai, fundi Odero alikuwa na mkono wa kushoto mfukoni. Watu wa Kisugu, hapa Kampala, walimcheka, wakasema huyo Mkenya anaogopa kuibiwa hata na kikombe. Mimi nilipanga naye chumba kimoja cha duka, yeye upande wa ndani na meza yake ya waya, mimi upande wa mlangoni na cherehani yangu, katikati yetu ubao wa plaiwudi. Kwa hiyo niliijua sababu. Fundi wa umeme mkali akigusa kwa mkono mmoja, atarushwa, atatukana, atainuka. Akigusa kwa mikono miwili, umeme unapita kifuani. Odero alifundishwa hivyo Kisumu akiwa kijana, na mkono ukazoea mfuko kama kuku anavyozoea banda.

Kazi yake ilikuwa ya ajabu kidogo. Kuna zile mashine za gemu za zamani, ndefu kama kabati, unatia sarafu halafu unapigana na vikaragosi kwenye kioo kinene. Nyuma ya kioo kuna kidude cheusi ambacho mafundi wanakiita flaibaki. Kinachukua umeme wa kawaida na kuufanya mkali wa kutosha kuwasha kioo. Kikiungua, mashine imekufa, maana viwanda viliacha kukitengeneza zamani. Odero alikitengeneza upya, kwa mkono, hapo hapo dukani. Alizungusha waya mwembamba kuliko unywele kwa gurudumu la cherehani yangu ya kwanza, iliyonifia, akitenganisha kila tabaka kwa plastiki laini. Kisha aliuweka kwenye kibati, akamimina gundi ya kuchanganya, akafunika ndani ya sufuria ya presha aliyoifunga kompresa ya friji ili inyonye hewa yote. Povu moja likibaki ndani ya gundi, aliniambia, umeme utalitafuta kama panya anavyotafuta tundu. Watu walimletea mashine kutoka Ggaba, kutoka Jinja, hata kutoka kwetu Kenya.

Kisha ilikuja zamu ya kujaribu. Flaibaki nzima inaimba. Ni mlio mwembamba sana unaoingia sikioni kama sindano. Kioo kinaweza kubaki cheusi kwa sababu nyingine yoyote, alisema, lakini mlio haudanganyi. Ikiimba, mkono mfukoni. Ikinyamaza, unaweza kuingiza mikono yote. Mimi niliuchukia mlio ule, uliniumiza kichwa, na tuligombana juu yake kila mara. Nilimwita mchawi. Yeye aliniita mke wa mwenye nyumba, eti nalalamika kama nadai kodi.

Siku moja mlio ulizidi, nikaacha sketi ya mteja na kuingia ndani kumfokea. Nikamkuta ameinama juu ya mashine, uso ameukunja.

"Nelima," akasema, "hii kitu imekataa kuimba. Nimerudia waya zote."

Nilidhani ananitania kama kawaida yake. Kisha nikauona mkono wa kushoto unatoka mfukoni. Niliuchapa kwa rula ya mbao, ile ya kupimia nguo niliyoingia nayo, nikauchapa kweli kweli.

"Mzee, unaniua masikio hapa! Inaimba!"

Alisimama akishika mkono wake. Alinitazama mimi, akaitazama mashine. Akaizima, akaiwasha tena.

"Sasa?"

"Inaimba."

Akazima. "Sasa?"

"Imenyamaza."

Akaketi juu ya debe. Sijawahi kumwona mtu mzima akizeeka mbele yangu kama vile. Sauti yangu aliisikia, redio aliisikia, bodaboda barabarani alizisikia, lakini umri ulikuwa umeanza kumwibia sauti zile nyembamba za juu, na ndizo alizokuwa akizihitaji.

"Usimwambie Awiti," akasema. Awiti ni mkewe, mdogo kwake kwa miaka mingi, anauza samaki wa kukaanga. "Ataniambia niache. Na wateja wakisikia fundi hasikii, nani ataleta mashine hapa? Mimi sijui kazi ingine."

Nikamwapia kwa jina la mama yangu kwamba sitamwambia mtu. Nilimwonea huruma, na pia nilikuwa na hasira naye, maana alikuwa amenikabidhi uhai wake bila kuniuliza kama nautaka.

Tukapanga utaratibu. Yeye angesema, "Ninawasha." Mimi ningesikiliza, na kama mashine inaimba ningegonga plaiwudi kwa mkasi, ko ko ko, mpaka izimwe. Mkasi ukigonga, mkono mfukoni. Wateja walidhani nafukuza panya. Utaratibu ule ulikwenda vizuri kwa muda mrefu, mpaka nikaanza kugonga hata bila kufikiri.

Ndipo akaja Afande Komakech. Huyu ni mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, ana chumba cha gemu upande wa Kibuli, na anaongea na kila mtu kana kwamba yuko uwanja wa gwaride, kwa Kiswahili cha kambini ambamo "nafanya" ni mimi, ni wewe, ni mashine, ni yeyote. Mashine yake kubwa ilikuwa imeungua flaibaki, na Odero alikuwa amemsukia nyingine. Afande alitaka kuiona ikijaribiwa kwa macho yake.

"Fundi, fanya mbio," alisema. "Vijana nangoja mimi kule."

Mimi nilikuwa mlangoni nampima mwanamke mmoja gauni la harusi ya dada yake. Mkanda ulikuwa shingoni, pini ziko midomoni, mkasi nimeuacha mezani. Odero hakusema "Ninawasha." Nalijua jambo hili kama ninavyojua jina langu: aliona haya. Angesemaje mbele ya mwanajeshi kwamba anamngoja mshona nguo amsikilizie mashine yake mwenyewe? Aliwasha kimya kimya.

Mlio ukanifikia pale mlangoni, nikageuka. Kwenye pengo la plaiwudi niliwaona wote wawili wameinama, kioo cheusi mbele yao. Waya wa shingo ya kioo, kule nyuma, ulikuwa haujakaa vizuri, ndiyo maana hakikuwaka, lakini hilo tulilijua baadaye.

"Afande," Odero akauliza, "wewe unasikia inaimba?"

Komakech akanyoosha shingo, akasikiliza. Akajibu kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kukosea.

"Hapana sikia kitu. Iko kimya kabisa."

Nilitema pini. Nilipiga kelele, "Inaimba!" lakini mkono wa kushoto ulikuwa umeshatoka mfukoni na yote miwili imeingia ndani ya mashine. Odero hakupiga ukelele. Alikaza tu, meno yakionekana, kisha Komakech akang'oa waya ukutani kwa nguvu na Odero akaanguka juu ya miguu yangu nilipofika. Bodaboda ilitupeleka hospitali nikiwa nimemkumbatia kutoka nyuma. Nadhani nilikuwa nimekumbatia maiti njia nzima.

Sasa nikiwa na pini siziweki tena midomoni. Nimeshona mto mdogo wa kuzichomeka.

Matangani watu walisema sikio la kufa halisikii dawa. Nilitaka kuwatandika. Sikio la Odero halikuwa kaidi, lilikuwa limechoka tu, kama goti linavyochoka. Komakech naye alisimama mbele ya waombolezaji wote akatoa ushahidi. "Mimi nilikuwa pale," alisema. "Mashine kimya, kama kaburi. Halafu naua mtu. Hii hapana kazi ya Mungu." Watu wakatikisa vichwa. Awiti aliyachukua maneno yale akaenda nayo kwao Siaya, Kenya, kwenye maziko, akarudi nayo Kampala.

Alipokuja dukani kukusanya vyombo vya mumewe, hakunisalimia vizuri. Alifunga waya, akakunja plastiki, akaiweka sufuria ya presha ndani ya gunia. Kisha akasema bila kunitazama kwamba amekwenda kwa mganga.

"Mashine ilikuwa imezimika, Nelima, na ikamuua. Kuna mtu alifanya hivyo. Mtu wa karibu." Hapo akanitazama. "Wewe ndiye ulikuwa unamwita mchawi."

Maneno yalinijaa mdomoni, na kila neno lilikuwa siri niliyoapa kwa jina la mama yangu. Kabla sijajua la kufanya, Komakech akaingia, kofia mkononi, amekuja kuchukua mashine yake.

"Mama, pole sana," akamwambia Awiti. "Mimi nasema tena. Nilikuwa hapa. Ilikuwa kimya."

Niliuchukua waya wa mashine, nikauchomeka ukutani, nikawasha.

Kioo kilibaki cheusi. Mlio ukatoka palepale, safi, mkali, bila kutetemeka. Flaibaki ile ya mwisho ilikuwa nzima kabisa. Hakuacha povu hata moja.

Awiti aliruka, akaziba masikio kwa viganja. "Yawa! Zima hiyo kitu, inanitoboa kichwa!"

Komakech akamtazama Awiti, kisha akanitazama mimi.

"Zima nini?" akauliza.

Awiti alishusha mikono yake taratibu. Alimtazama yule mzee wa bunduki, masikio yake, mvi zake, na nikaona anafika mahali nilipokuwa nimefika siku ile ya rula. Kisha akafika mbele zaidi.

"Na yeye?" akaniuliza kwa sauti ndogo. "Mume wangu pia?"

Niliinamisha kichwa. Mama yangu anisamehe. Awiti akaketi juu ya debe la mumewe, akaweka gunia mapajani, akaanza kulia, na safari hii hakutaja mtu yeyote.

Komakech alikuwa ameisogelea mashine. Aliinama, akaleta sikio karibu na kioo, mkono mmoja umeshika mbao, wa pili unatafuta pa kushika ndani.

"Afande!" nikamkemea. "Mkono mfukoni!"

Akautia mfukoni haraka, kama mtu aliyepewa amri. Nikazima mashine, nikachomoa waya, nikaushika mkononi ili auone. Hakuuona. Alikuwa amefumba macho, ameinamisha shingo, anasikiliza kwa nguvu zake zote.

"Mashine bado nalia?" akauliza.