Kiapo cha Mchunga Ng'ombe

Nsanzimana hakuwahi kuomba kazi. Kazi ndiyo iliyomfuata. Huko milimani Masisi mwenye ng'ombe aliyesikia sifa zake alimwendea na kumwuliza swali moja tu: "Utakaa?" Naye alijibu kama baba yake alivyojibu: "Nitakaa mpaka unizike." Yamekwisha, chukua fimbo, nenda malishoni. Mchunga anayesema atakaa kidogo ni mwizi anayehesabu ndama, na hakuna aliyemkabidhi hata mbuzi.

Vita ikala ng'ombe, ikala na wenye ng'ombe. Nsanzimana akashuka hadi kambi ya wakimbizi ya Mugunga na mkewe Béata na watoto, wakaishi hemani, na kambi ilipovunjwa wakapanga chumba kimoja Katoyi, mtaa wa Goma. Sasa mji wa mawe meusi ya volkano una kazi gani kwa mtu wa ng'ombe? Alibeba mizigo kwenye soko la Kituku mpaka mgongo ukamkatalia. Watoto wakala mara moja kwa siku, wakazoea, na huko kuzoea kwao ndiko kulikomuuma kuliko njaa yenyewe.

Ndipo Hilaire, daktari wa mifugo aliyemjua tangu milimani, akamletea habari: mwenye shamba mmoja wa Kanada anatafuta mkamuaji. Tajiri wa kule hamchukui mgeni hivi hivi. Hutangaza kazi kwa wenyeji kwanza, na wakikosekana wa kuamka na ng'ombe, ndipo serikali yake humruhusu kuajiri mtu wa nje, kwa shamba lile tu, kwa muda uliopangwa. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wale humpa jembe siku ya kwanza, na muda ukiisha humwonyesha njia. Hilaire alieleza yote hayo kwa utaratibu. Nsanzimana alisikia neno moja: ng'ombe.

Tajiri alimtazama kwenye simu akimkamua Gaju, ng'ombe wake pekee aliyebaki, aliyekuwa amefichwa kwa rafiki. Akampenda papo hapo. Gaju akauzwa ili ilipiwe pasipoti. Béata alilia, kisha akajifuta na kuwaambia watoto kwamba baba yao anakwenda kuwatafutia shule.

Kigali, kwenye ofisi ya viza, mama mmoja wa dirishani akamwuliza kupitia mkalimani: mkataba wako ukiisha, utafanya nini? Nsanzimana akavua kofia. Aliona anapimwa uaminifu, na kwa hilo hakuna wa kumshinda.

"Mwambie sitamwacha tajiri wangu," alisema. "Nitakaa kwake mpaka anizike."

Alirudi Goma akipiga mluzi. Maskini! Heri angekuwa bubu siku ile.

Jibu liliingia kwenye simu ya Hilaire, naye akaja Katoyi kulisema kwa mdomo wake. Viza imekataliwa, hawakuamini kwamba mtu huyu atarudi kwao. Na ng'ombe wa Kanada hawangoji mtu, kwa hiyo tajiri amekwisha kumchukua mwingine, wa nchi nyingine.

"Papa Nishimwe," Hilaire alimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "balikuuliza nini? Na ulibajibia nini?"

Akamweleza. Béata, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, akaacha mchi.

"Si alijibia muzuri?" alisema. "Mutu wa kazi anajibia namna gani ingine?"

"Hapana, mama. Ile kontra ya kazi iko ya muda. Balikuwa banataka aseme: nikimaliza kazi, ninarudia kwetu."

Huko milimani nyumba ya Nsanzimana ilichomwa, malisho yana wenyewe wengine, na ng'ombe wake wa mwisho amekuwa pasipoti. Aliwatazama watoto waliokaa kando ya chungu, wakisubiri mlo wao mmoja.

"Dokteri," akauliza polepole, "kwetu ni wapi?"

Hilaire akamgeukia Béata, akamwomba maji ya kunywa.