Binti wa Kitanda cha Saba

Hospitali za Goma hazipokei mgonjwa mmoja, zinapokea ukoo mzima. Sisi wauguzi tunachoma sindano na kuandika. Kuosha, kulisha, kugeuza na kufua shuka ni kazi ya garde-malade, ndugu anayekaa na mgonjwa usiku na mchana. Yeye pia ndiye anayetueleza habari zote za mgonjwa. Mgonjwa asiye na garde-malade hata maji ya kunywa anayaangalia kwa macho tu.

Mama Philomène, mzee kutoka vilima vya Masisi, aliletwa na wapita njia, tukamlaza kitanda cha saba. Upande wake wa kulia ulikuwa umepooza. Kwenye fishi yake, karatasi ya maelezo ya mgonjwa, penye nafasi ya garde-malade, niliandika: hakuna.

Nilimkabidhi kwa Masika, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu aliyekuwa kwenye stage, mafunzo ya vitendo. Ni Mnande wa Butembo, mkimya kupita kiasi; nilikuwa namtania kwamba ili nijue kama amefika kazini lazima nihesabu viatu mlangoni. Vita vilikuwa vimefunga barabara ya kwao, mwaka mzima hajamwona mama yake. Alipanga chumba mtaa wa Mabanga, peke yake. Jumapili wenzake walikwenda kwa ndugu zao, yeye alikuja wodini.

Siku ya kwanza alinionyesha alama nyekundu kwenye nyonga ya mgonjwa. Aliibonyeza kwa kidole, haikupauka. Ngozi ya namna hiyo ikipasuka kwa mtu mwembamba vile, kidonda kinachimba hadi mfupani. Basi akawa anamgeuza kila baada ya saa mbili, anaweka mto kati ya magoti na kuandika saa kwenye karatasi ukutani. Kabla ya kumlisha alimketisha wima, akampa uji kijiko kimoja kimoja na kungoja ameze. Baada ya wiki mbili alama ikafutika. Nilimsifu, na mimi si mtu wa kusifu ovyo.

Jambo moja tu liliniudhi. Mama Philomène alimwita Héritière, na msichana akaitika.

“Mugonjwa akichanganyikiwa, unamurudisha polepole,” nilimwambia. “Umwambie jina lako.”

“Ndiyo, mama Bibiche.”

Kesho yake nikasikia tena: “Héritière!” “Niko hapa, mama.”

Wiki ya nne, Clarisse, garde-malade wa kitanda cha jirani, akaniuliza, “Mama, ule Héritière, mutoto wake wa Munigi, ule anauzisha makala ya kupikia karibu na kanisa ya paruasi, bado hamujamutafuta? Kila siku muzee anamutaja.”

Nilichukua karatasi za Masika. Amekunywa, amekojoa, amegeuzwa. Habari ya binti hamna. Nilimwita kwenye chumba cha shuka, nimefura kwa hasira.

“Ulijua?”

“Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu juma ya kwanza.” Alikuwa anaangalia sakafu. “Nilikuwa naogopa atakuja kumuchukua. Hapa Goma hakuna mutu mwingine ananiita mutoto.”

Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Lakini mimi mwenyewe, miaka ishirini na sita kazini, sikuwahi kumuuliza mgonjwa yule kama ana mtu. Niliandika ‘hakuna’, nikaendelea na kitanda kingine. Nikampa kalamu. Akaandika jina la Héritière kwenye fishi kwa mkono wake.

Tukampelekea padri wa Munigi habari, na Jumapili akaitangaza kanisani. Jumatatu asubuhi Héritière akafika, beseni kichwani, analia tangu mlangoni. Mwezi mzima alikuwa akizunguka kambi za wakimbizi, na watu walikuwa wameshamwambia kwamba mama yake amezikwa. Kutoka kwake hadi kwetu hata saa mbili za miguu hazifiki.

Masika alimfundisha kila kitu: mkono begani, mkono nyongani, usimkokote, ubonyeze ngozi uone kama inapauka. Alifundisha vizuri. Wakamgeuza pamoja, mama Philomène akafungua macho.

“Héritière.”

“Mama,” wakaitika wote wawili.

Binti akageuka, akamtazama Masika. Mgonjwa alikuwa anamtazama binti yake.

“Pardon,” Masika akasema, akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu. Mimi nilisimama na fishi zangu, sikujua nimwite Masika kwa jina lake au nimwite mtoto.