Milima ya Kupigia Picha za Arusi

Siku yangu ya kwanza kazini Patron hakunipa kamera. Alinipa mwavuli mweupe, stendi ya miguu mitatu na viatu vya bibi arusi, akasema tunapanda mlima. Nilikuwa na mvi tayari, mgeni Louisville huko Marekani, nimechoka kupanga makatoni ghalani, nikasema moyoni hata mlima nitapanda.

"Mzee, weye ni mutu wa milima," aliniambia. Alikuwa Mbukavu mnene mwenye studio ya picha za arusi, na kutembea hakukupenda hata kidogo. "Donc, unitafutie fasi za juu. Watu yetu hawapendake picha ya chini. Wanasemaka ni kama umewapiga ndani ya shimo."

Alisema kweli. Sisi wa nyanda za juu za Kivu Kusini tumezoea kusimama mahali tukaiona safari ya siku nzima mbele yetu. Katikati ya miaka ile ya 2010 arusi zilikuwa kila Jumamosi, na kila familia ilidai picha moja kubwa ya sebuleni, maharusi wakiwa juu na nchi ikiwa nyuma yao.

Kutafuta mahali hapo Patron alikuita reperaji. Unakwenda siku kadhaa kabla, bila maharusi, saa ileile mtakayopiga picha, uangalie jua liko wapi, magari yataegeshwa wapi, na kama shangazi mwenye magoti mabovu ataweza kufika. Vijana siku hizi mnatazama kwenye simu tu. Simu haikwambii kwamba mti umekua ukaziba mji.

Louisville ilinidekeza. Kusini mwa mji kuna bustani yenye kilima cha msitu, na juu yake pana uwanja wa kutazamia unaoelekea kaskazini, maghorofa ya mjini yote mbele yako. Kwa kuwa unatazama kaskazini, jua la jioni linakuwa ubavuni, nyuso hazigeuki nyeusi kama linapokuwa nyuma ya watu. Barabara ya kupandia hufungiwa magari siku nyingine. Patron hakuwa ameuliza, ndiyo maana siku ile ya kwanza tulikwenda kwa miguu, bibi arusi katika kandambili, mimi na viatu vyake mkononi, na Patron nyuma akihema na kulaani kwa Kifaransa. Baadaye nilivuka mto, nikapata vilima vingine upande wa Indiana. Nilijiona bingwa.

Ndipo nikahamishiwa tawi la Columbus. Nilizunguka vitongoji vyake, Whitehall hadi Reynoldsburg, nikitafuta hata kichuguu, sikupata. Meneja wa pale, mama wa Kitanga mwenye ulimi mkali, aliniacha nizunguke juma zima, kisha akaniita.

"Mzee wangu, umemaliza kuomboleza? Mlima haupo. Panda ghorofa ya mwisho ya maegesho ya magari. Na ukikosa maegesho, piga magoti, shusha kamera, wape anga."

Nilinuna, lakini alinifundisha. Juu ya maegesho hakuna miti, na jioni mji mzima huwaka madirishani. Ukiishusha kamera karibu na ardhi, watu wanarefuka na uwanda unapotea. Asiye na mengi hutumia alichonacho, na mama yule alikuwa na maegesho. Bado niliulilia mlima, ila kimyakimya.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Buffalo. Studio haikuwa na mkubwa pale, nilipokea amri za Patron kwa simu. Huko nilikutana na arusi iliyotaka kunishinda.

Bibi arusi aliitwa Furaha, mlezi wa wazee majumbani. Mchumba wake, Samweli, alipanga nyumba Lackawanna, kusini mwa Buffalo. Ukumbi ulikuwa tayari, keki imeagizwa, lakini nyanya yake Furaha, aliyekuwa bado katika kambi ya wakimbizi Burundi, alikataa kutoa baraka. Katika ukoo wao binti hatolewi mpaka wakubwa wapande kilima cha mbele, walitazame boma la mume: maji, malisho na njia ya kuingilia. Walikuwa wamemtumia picha ya nyumba. Akajibu, "Mumenionyesha mulango. Mulango si kwao mutu."

"Bila neno la mama yangu siwezi mutoa mutoto," Baba Furaha aliniambia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Utafute fasi ya juu, Mzee. Bon, tumebakia na siku ngapi? Mbili."

Aliyepata mlima wa kwanza alikuwa yeye. Akiwa barabarani karibu na ziwa aliona kilima kizuri cha majani, akapiga simu kama mtu aliyepata ng'ombe aliyepotea. Mtu wa milima akiona kilima haulizi ni cha nani, hupanda. Tulikwenda wazee wanne katika suti, Furaha katika gauni. Tulikuwa nusu ya njia mlinzi alipotufikia na gari. Alikuwa mpole. Alitueleza kwamba kile si kilima: ni mabaki ya chuma kilichoyeyushwa, yaliyomwagwa na kiwanda zamani, na watu hawaruhusiwi kupanda.

"Inchi gani hii," alisema Baba Furaha tukishuka, "hata milima yao inatoka mu jiko." Sisi wengine tulicheka. Yeye hakucheka, na mimi nikaona haya.

Ndani ya gari Furaha akasema taratibu, "Papa, ule bibi ninachunga, anaikala juu kabisa ya gorofa. Balcony yake inaangalia kwa kina Samweli."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Bibi yule Mmarekani alitufungulia mwenyewe, akafurahi kuona gauni kuliko sisi tulivyofurahi kuona balcony. Kwa chini mitaa ilinyooka hadi ziwani, na paa la Samweli lilionekana wazi. Nilimweka Furaha pembeni, nikafunga tundu la lenzi hadi likawa dogo sana, maana tundu likiwa dogo vya karibu na vya mbali vyote huonekana sawasawa. Nikamwambia anyooshe mkono kwenye paa. Picha ikaenda kambini.

Kesho yake sauti ya nyanya ilikuja. Baba Furaha aliiweka simu mezani tusikie wote. Nilijiandaa kusikia akilalamika kwamba nchi haina milima.

"Nimeona," alisema. "Hakuna kilima ya kujifichamo mutu, hakuna pori. Mwenye atakuja kuwaua watamuona angali mbali. Uko mutoto wangu atalala. Aende."

Baba Furaha alikaa chini, akajifunika uso kwa koti. Mimi nilimshukuru Mungu kwa sauti, na mzigo wa siku mbili ukanitoka mabegani.

Nimestaafu sasa. Mke wangu alitaka tukakae Louisville karibu na vilima, nikamwomba tupange Whitehall, kule Columbus kusiko na hata kichuguu. Kibaraza chetu kinatazama barabara iliyonyooka na maegesho ya duka. Alasiri naweka kiti pale, naona kila anayekuja tangu mbali, na mara nyingi usingizi hunichukua hapohapo kitini, mlango wazi.