Shikamoo, Mjomba

Ilikuwa mwaka 2019; hapana, 2021, maana 2019 Mama Naima alikuwa bado anabangua korosho zake mwenyewe. Nesi wa wagonjwa wa majumbani alikuwa hashiki dawa kabla ya kushika mkono wa Mama Naima, aliyekuwa kitandani akikaribia kufa, asubuhi na jioni, akiuliza kwa sauti ndogo swali lile lile: "Tumekula nini leo?" Asubuhi Mama Naima alijibu sawasawa. Jioni alichunachuna shuka, akamwambia mumewe, mzee Hamudi, "Shikamoo, mjomba," na huyo mjomba wake alishazikwa zamani. Ndugu wakasema ni jini, afungwe mikono. "Msimfunge," nesi akasema. "Akili ya anayeaga dunia hupanda na kushuka. Mwitikie tu, Mzee." Hamudi akaitikia, "Marahaba, mpwa wangu." Mkewe akatulia, akafa akiwa mpwa. Mpaka leo Hamudi anauliza watu: mimi mumewe, wakati ule, nilikuwa wapi?