Dobi Aliyebadilisha Kanuni za Vita

Jumapili mchana dobi hakugusa pasi. Alifunga mlango wa mbele, akapandisha mashuka ya wateja rafuni, na ile meza ndefu ya kupigia pasi ikageuka nchi nzima: hapa mlima, pale mto, kule pango la joka. Yeye ndiye aliyekuwa msimulizi. Wachezaji walikuwa kaka yake, wifi yake, na jirani yao fundi bomba. Kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kubuni ndani ya hadithi, na dadu ndizo zilizoamua kama upanga umepata au umekosa.

Kitabu cha kanuni za mchezo huo alikikuta kwenye meza ya muuza vitabu vikuukuu, na tangu mwanzo hakukitii chote. Kilisema mazimwi wote huzaliwa waovu. Fundi bomba, pande la mtu ambaye hupita milangoni kwa ubavu, alitaka kuwa zimwi lakini uovu akaukataa.

"Mimi nimemkosea nani?" aliuliza.

Dobi akafikiri kidogo. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Basi hapa kwetu, zimwi akishalijua jina lako hawezi kukuua."

Tangu hapo kila adui aliyemwona zimwi alianza kupayuka jina lake, la baba yake na la babu yake. Wifi, aliyekuwa kibeti mchimba madini, kazi yake ikawa kuwaziba midomo kabla hawajamaliza.

Kaka yeye alikuwa Mwepesi, mmoja wa watu wa msituni ambao miguu yao haitoi sauti. Kazi yake ya kweli ilikuwa udalali wa mnada, na wote walimwita Dalali, hata mkewe. Kanuni ya vita ilikuwa kama imetungwa kwa ajili yake: zamu yako ikifika, kichupa cha mchanga kinapinduliwa, nawe useme utakalofanya kabla mchanga haujaisha. Wenzake wakiwa bado wanakohoa, yeye ameshakata kamba, amemtukana joka na kurudi alikotoka.

Kisha akapigwa na kiharusi.

Uhai ulibaki, mkono wa kulia ukawa mzito, na maneno yakawa yanatoka moja moja. Mnadani hakurudi. Mezani alirudi mara moja tu. Kichupa kikapinduliwa, akaanza, "Na... nataka..." mchanga ukaisha. Dobi akasema haidhuru, wampe muda zaidi, na huruma ile ikazidi kumuumiza. Zamu iliyofuata hakufungua mdomo kabisa. Aliinuka, akatoka, mkewe akamfuata na koti lake.

Dobi alikosa raha. Alipiga pasi shati moja mpaka likaanza kunuka moto. Mwishowe akabuni kabila jipya, Wakimya, watu wasiosema, wanaopigana kwa kuonyesha kidole tu. Akaenda nalo kwa kaka yake amejaa furaha, akamweleza mwanzo mpaka mwisho. Dalali alimsikiliza, shavu likimchezacheza.

"Mimi," alisema, "si... bubu."

Akageuza kiti, akaangalia dirishani.

Wifi alimsindikiza dobi hadi mlangoni. "Wifi yangu, nakupenda, lakini leo umemshonea sanda mtu aliye hai."

"Nilitaka kumsaidia."

"Najua. Ila yeye bado ni Mwepesi. Yule mtu wake hakupigwa na kiharusi. Kilichomshinda ni kile kichupa chako."

Maneno hayo yalimchoma, na njiani akaona ni kweli. Alikuwa anahangaika kumbadilisha kaka yake ili aingie kwenye kanuni, na kanuni yenyewe hakuigusa.

Akachukua vibanio vya nguo. Chekundu kikawa kushambulia, cha bluu kujikinga, cheupe kufanya hila. Vita ikianza, kila mtu, pamoja na dobi anayelichezea joka, anaficha kibanio kimoja chini ya kiganja, halafu wote wanafunua pamoja. Dadu zikishatupwa, kila mmoja anasimulia alichofanya kwa mwendo wake, na hakuna ruhusa ya kumdakia mwenzake. Jaribio la kwanza alilifanya na fundi bomba, aliyekuja kuziba bomba linalovuja. Wote wawili walificha chekundu, wakauana, na daraja walilopigania hadithini likaporomoka pamoja nao.

"Hii vita haina hata wa kuzika," fundi bomba alisema. Wakarekebisha: wenye vibanio vyekundu wawili wakikutana, wote wanarudi nyuma.

Jumapili iliyofuata Dalali alikuja, ingawa mkewe alisema amemkokota. Dobi hakutaja kabila lolote. Alieleza vibanio mara moja, kwa wote, akaanza hadithi. Joka likamkamata kibeti. Viganja vikafunika meza.

"Fungueni!"

Joka lilikuwa limeficha chekundu, zimwi chekundu, kibeti cha bluu; joka na zimwi wakarudishana nyuma, kibeti bado yumo makuchani. Chini ya mkono wa kushoto wa Dalali kilikuwa cheupe. Akatupa dadu, zikaanguka vizuri. Kisha akavuta pumzi, na chumba kizima kikamngoja.

"Nime... panda... mgongoni kwake," alisema. Akatulia. Hakuna aliyemmalizia. "Nikamnong'oneza... joka." Akatulia tena, macho yakianza kucheka kabla ya mdomo. "Nikamwambia... jina la... zimwi... ni mama mkwe wako."

Fundi bomba alicheka mpaka meza ikatikisika na mlima ukaanguka mtoni. Wifi alicheka huku anafuta machozi kwa ncha ya shuka la mteja, na siku hiyo dobi hakumkataza. Joka, kwa hofu ya mkwe, lilimwachia kibeti na kuruka zake. Dobi ndipo alipogundua kwamba mabega yake yalikuwa yamepanda tangu mchezo uanze. Akayashusha. Alijisikia kama mtu aliyetua gunia.

Dalali hakurejea kunadi. Mnadani walimpa kazi ya kukagua vitu kabla havijauzwa, kazi ya jicho zaidi kuliko ulimi. Maneno yanaendelea kurudi, mengine hayajarudi. Juzi alimwambia dada yake kwamba hadithi ijayo anataka kusimulia yeye.

"Itakuwa ndefu," alionya.

"Tuna mchana mzima, kaka," dobi akamjibu, akamsogezea kiti cha msimulizi, mbele ya meza.