Duka la Darasani

Mkurugenzi wa shule yetu ya Msamala, hapa Songea, alifika Dar mara nyingi kuliko alivyofika darasani kwangu chekechea. Safari moja alirudi na boksi la vyakula vya plastiki: pizza, baga, na matunda mekundu ambayo watoto wangu waliyajua kwenye katuni tu.

"Madam, wafundishe maneno ya kiasi ya Kiingereza kwa michezo," akaniambia. "Ndivyo wenzetu wanavyofanya."

Hao wenzetu sikuwahi kuambiwa ni akina nani. Nilijaribu wiki nzima. Watoto waliiuma pizza, wakaitema, kisha wakaigeuza usukani. Kiingereza hakikutoka hata neno moja.

Jumatatu iliyofuata nikalifungia boksi kabatini, nikaja na vitu vya jikoni kwangu: mchele, maharage, karanga na makopo matupu. Tukafungua duka. Mmoja anauza, wengine wananunua, na lazima waseme kwa Kiingereza kama wanataka kingi, kidogo au cha kutosha. Hapo ndipo binti mmoja wa miaka sita, aliyekuwa kimya tangu aje, alipofungua mdomo. Mama yake anauza maharage soko la Lizaboni. Binti alishika kopo, akawapanga wateja mstari, akawakemea wanaosukumana, yote kwa Kiingereza. Nilifurahi hadi nikajisikia mwalimu.

Kilichokuwa kinamsubiri nilikijua. Mwisho wa mwaka mkurugenzi huwapima mwenyewe, na anayeshindwa hubaki chekechea mwaka mwingine wakati wenzake wanaingia darasa la kwanza.

Siku ya kupimwa mkurugenzi akaja na suti yake, akakaa kwenye kiti cha mtoto, kikalia kwa uzito, akamwomba binti mchele kidogo kwa Kiingereza chake cha puani. Binti akaitikia vizuri. Akapima robo kopo, akasawazisha kwa kidole, akammiminia kwenye karatasi. Halafu akachota mchele kwa vidole vitatu, akamwongezea, akatabasamu.

"Nimesema kidogo," mkurugenzi akanigeukia mimi. "Mbona anaongeza?"

Ilikuwa nyongeza, jamani! Songea nzima nani anapimiwa maharage akaondoka bila nyongeza? Mtu huyu huyu nimemwona sokoni kwa macho yangu, amesimama na mfuko wazi, habanduki mpaka aongezewe. Lakini akivaa suti anakuwa mgeni kutoka Ulaya. Akaandika kwenye fomu kwamba mtoto hajui kiasi, kisha akaniuliza kama nina la kusema.

Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Nikasema sina.

Mchana mama wa binti akaja kumchukua, kanga kiunoni, mikono bado ina vumbi la maharage. Nikamweleza kwamba binti atarudia chekechea.

"Kwani amekosea nini, mwalimu?"

"Aliombwa kidogo, akapima sawasawa, halafu akaongeza."

Akamtazama mwanawe, akanitazama mimi.

"Basi kosa ni langu," akasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha kuongeza. Naomba unisamehe, mwalimu, nimekuharibia kazi."

Pale ndipo pa kumwambia ukweli, kwamba mwanawe alikuwa sahihi na mwoga ni mimi. Nilikuwa na muda wa kutosha, na mkurugenzi alishaondoka.

Nikamwambia nimemsamehe.